Dungu la Kaka



Novemba imefika, na najua wengi mmeshaandika majina ya marehemu wenu kwenye bahasha za nia za Misa. Kwenye bahasha yangu jina la kwanza ni la kaka yangu. Nilikaa niandike juu ya toharani. Nikaanza mara mbili, na mara zote mbili nikajikuta naandika juu ya dungu. Mara ya tatu nikaacha kushindana. Mnivumilie.

Kwa ambao hamjafika Rufiji, dungu ni kibanda kilichojengwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Nguzo nne au sita za mti mgumu zinachimbiwa kwenye tope, juu inawekwa sakafu ya fito, paa la makuti au nyasi, na ngazi ya kupandia. Kwenye kona moja kunakandikwa udongo ili moto uwake bila kuunguza sakafu. Basi. Mlango wa maana hakuna. Mpunga unapandwa mvua zinapoanza, mto unakuja kufurika Machi, Aprili mpaka Mei, na muda wote huo shamba lina maadui: nguruwe pori, ngedere, viboko, na ndege wanaoshuka kwa maelfu punje zikianza kujaa maziwa. Usipolala shambani, huvuni. Kwa hiyo familia inahamia juu ya dungu, na maji yakija yanapita chini ya watu, mtumbwi umefungwa kwenye ngazi kama baiskeli.

La kwetu ni la Babu mzaa mama, upande wa Kibiti, kule mto unakoanza kujigawa. Kutoka hapo kwenda baharini ni vijito na mikoko, msitu mkubwa wa mikoko kuliko wowote ulio mahali pamoja katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Babu ni Mwislamu kama watu wengi wa huku. Baba alikuja Kibiti kufundisha shule ya msingi akitokea Mahenge, na Ukatoliki wetu ulikuja naye. Alikuwa na utani na wakwe zake. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji huletwa na Kilombero, kwa hiyo mwaka ambao mafuriko yalizidi, wakwe walimdai Baba faini, kwamba maji yametoka kwao.

Babu husimulia kwamba baada ya mafuriko ya 1968 Serikali iliwatoa watu bondeni ikawapeleka juu, kwenye vijiji vya ujamaa. Watu wakahama. Mashamba hayakuhama. Kwa hiyo kila msimu walirudi, wakajenga madungu, na mambo yakawa hivyo mpaka leo: nyumba ya bati iko juu, barabarani, ila mwaka wa mtu uko bondeni. Sisi wadogo tulikuwa tunakwenda likizo. Kaka hakuwa wa likizo. Yeye alikuwa fundi pikipiki pale Kibiti, na kwa kweli alikuwa fundi mzuri, mtu angeweza kusubiri siku mbili ili pikipiki yake iguswe na yeye. Lakini mpunga ukishatoa masuke alifunga kibanda chake cha ufundi, akaandika kwa chaki "NIPO SHAMBA", akaondoka. Wateja walilalamika, wakazoea.

Nikimkumbuka namwona amelala chali kwenye sakafu ya fito, kofia usoni. Kuna kamba ndefu iliyofungwa makopo, imezungushwa kwenye miti mpaka mwisho wa shamba. Ukiivuta, makopo yanapiga kelele na ndege wanaruka. Kila mtu huvuta kwa mkono. Kaka aliifunga kwenye dole gumba la mguu. Akisikia ndege wametua anapiga teke moja, shamba zima linalia, na yeye hajaondoa hata kofia. Mama alimwita mvivu. Babu alisema huyu ndiye pekee aliyeelewa kazi.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kuwasha moto. Alijua kambale wanajificha wapi maji yakianza kupungua. Alijua kukaanga na kutwanga pepeta bila kuivunjavunja, na ya kwanza aliwapa watoto wa jirani, halafu ndiyo sisi. Na usiku, taa ya kandili ikiwa imezimwa ili kuokoa mafuta, alianzisha Rozari kwa sauti ya chini, Babu naye pembeni na tasbihi yake. Hakuna aliyemwona mwenzake kuwa kero. Mimi nimesoma kozi nzima ya majadiliano ya kidini, sijaona somo lililokaa vizuri kama lile.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Juni 2023 nilimaliza falsafa. Miaka mitatu, digrii, na kichwa kikubwa. Wale mnaosoma falsafa mnaujua ule ugonjwa: kila anachosema mtu unatafuta kosa la mantiki. Nikashuka bondeni kuwasaidia kuvuna. Siku ya pili jioni Kaka akaniambia ana mpango wa kufunga kabisa ufundi. Ahamie bondeni, alime mpunga na mlao, yale mahindi na kunde zinazopandwa maji yakishuka, apande juu Kibiti mara moja moja. Alisema, "Dogo, mimi nikiwa hapa nashukuru Mungu bila kujilazimisha. Kule juu najilazimisha."

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikatoa mhadhara. Nikamwambia kwamba vitu vipitavyo havifai kupendwa namna hiyo. Nikamletea Mhubiri na ubatili wake. Nikamwambia Biblia yenyewe inapotafuta mfano wa kitu kisichodumu inakichukua kibanda cha mlinzi shambani: Ayubu anasema nyumba ya mtu mwovu ni kama banda la mlinzi, Isaya anaulinganisha mji uliobaki ukiwa na kibanda kwenye shamba la matango. "Yaani hilo dungu lako," nikasema. Nikaongeza kwamba msimu mzima huenda Misa ya Jumapili mara ngapi? Kigango kiko mbali, sawa, lakini je, unampenda Mungu au unapenda dungu?

Kwa habari ya Jumapili, wajibu uko palepale, na sisemi leo kwamba haukuwepo. Mtumbwi ulikuwapo, na mara nyingine angeweza. Lakini mimi sikuuliza kwa sababu ya roho yake. Niliuliza ili nishinde.

Kaka hakukasirika upesi. Alikaa, akafungua kamba mguuni, akasema: "Sasa wewe utakuwa padre wa watu gani? Wasio na kwao?"

Sikuwa na jibu, na mtu wa falsafa asipokuwa na jibu hununa. Alfajiri nikaondoka na mtumbwi wa jirani. Kaka alikuwa macho, nilimwona amekaa ukingoni miguu inaning'inia. Sikuaga vizuri. Nilipunga mkono kama mtu anayefukuza nzi.

Oktoba mwaka uleule, jioni, alikuwa anajaribu pikipiki ya mteja aliyomaliza kuitengeneza. Lori, barabara ya Kilwa. Sina zaidi ya hapo la kusema. Baba Gombera aliniita ofisini, na nilipoona amesimama badala ya kukaa, nikajua.

Kaburi lilichimbwa na vijana wa Kibiti, karibu wote Waislamu, wateja wake. Wengine walikuja na pikipiki alizozifufua yeye, wakazipanga nje ya uzio kwa mstari. Babu alitoka bondeni, mtumbwi halafu gari, akafika na tope kwenye pindo la kanzu. Usiku ule aliniona sili. Akaniambia, "Kaoge. Ule. Ulale." Niliona ni maneno ya mzee tu. Miezi baadaye, darasani, tukafika kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino anapouliza huzuni inatulizwa na nini. Anataja furaha yoyote njema, kulia, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, halafu mwisho anaweka usingizi na kuoga. Wenzangu wakacheka. Mimi nikatoka nje. Babu hajawahi kusikia jina la Tomaso.

Ila kitabu kilichonishika zaidi ni Maungamo ya Agostino, kile cha nne. Huko Agostino anaeleza kifo cha rafiki yake wa ujanani, pale mjini kwao Thagaste. Jina lake halitaji. Anajilaumu kwamba alimpenda mtu wa kufa kana kwamba hatakufa, kama mtu anayemwaga maji mchangani. Kusema kweli hii ndiyo sehemu niliyokuwa nimeitumia kama fimbo kwa Kaka, ingawa sikuitaja jina. Funzo nililobeba shuleni lilikuwa: usipende sana kinachopita.

Nikaisoma tena baada ya msiba, na safari hii nikaona kitu nilichokiruka. Yule rafiki aliugua homa, akabatizwa akiwa hana fahamu. Alipopata nafuu kidogo, Agostino, ambaye wakati ule hakuwa Mkristo wa Kanisa, akamfanyia mzaha juu ya ule ubatizo, akitegemea watacheka pamoja. Rafiki akamtazama kama adui. Akamwambia, kama unataka tuendelee kuwa marafiki, acha maneno hayo. Agostino akashangaa, akanyamaza, akapanga kumsubiri apone vizuri ndipo wazungumze. Siku chache baadaye homa ikarudi, rafiki akafa, na Agostino hakuwapo.

Nilisoma kurasa zile mara nne usiku mmoja. Mtu msomi, mwepesi wa ulimi, amedharau kitu alichokishika mwenzake, amekemewa, akaahirisha maongezi. Baadaye anasema mji wake ukawa adhabu kwake, kila mahali macho yalimtafuta mtu asiyekuwapo, akakimbilia Karthago. Mimi Desemba hiyo nilikwenda Kibiti kwa Krismasi, siku tano. Bondeni sikushuka. Nilisema nina masomo.

Na hapo ndipo swali lilipogeuka. Nilikuwa nauliza kama Kaka alipenda kupita kiasi kitu kipitacho. Lakini nani alipenda dungu kana kwamba halitapita? Si yeye. Watu wa bondeni wanajenga dungu wakijua kabisa litakwenda. Nguzo zinaoza, paa linabadilishwa, na mto ukija kwa hasira unachukua vyote. Kaka alikuwa ameshajenga upya mara tatu kwa mikono yake. Kila fito aliyoifunga aliifunga akiijua miaka yake. Kama kosa la Agostino lilikuwa kusahau kwamba mpendwa atakufa, basi mkaaji wa dungu ndiye mtu asiyeweza kusahau, kwa maana anayasikia maji chini ya mkeka wake usiku kucha. Aliyesahau ni mimi. Mimi ndiye niliyemchukua Kaka kuwa kitu cha kudumu, kitakachokuwapo nikirudi na hoja nzuri zaidi.

Isitoshe, nilimsoma vibaya Ayubu pia. Kibanda cha mlinzi ni dhaifu, ndiyo, hilo Biblia inalisema. Haisemi kwamba mlinzi ni mjinga kukaa humo. Wala Isaya hadharau matango. Na Petro alipotaka kujenga vibanda vitatu mlimani siku Bwana alipogeuka sura, Luka anaandika kwamba hakujua asemalo, lakini sioni mahali Yesu alipomgombeza. Mtu ameona uzuri, ametaka kukaa. Sikulazimika mimi kuwa mkali kuliko Bwana.

Kuna mwenzangu seminarini niliyemweleza haya akaniuliza swali zuri, naye si mtu wa kubembeleza: "Sasa unasema nini? Kwamba huko mbinguni kuna dungu?" Sijui mbinguni kuna nini, na ninyi msimwamini mtu anayewachorea ramani. Lakini naweza kusema mpaka wapi imani inanifikisha. Tomaso, akifafanua barua ya kwanza kwa Wakorintho, anasema wazi kwamba roho yangu peke yake si mimi. Ikiokoka roho tu, mimi sijaokoka bado. Ndiyo maana kila Jumapili tunakiri ufufuko, na hatuishii kwenye roho kuendelea kuwapo. Basi nitakayemwona ni Kaka, yule mwenye mguu wenye kovu la kamba. Na mtu si kifurushi kinachobebwa bila mahali. Alivyoshukuru, alivyocheka, alivyosali, vyote alijifunzia pale. Kama neema inakamilisha kilichomo ndani ya mtu badala ya kukifuta, basi kuna kitu cha bonde kitakachofufuka ndani yake, kwa namna ambayo siwezi kuisema.

Yeye mwenyewe swali hili alishalimaliza zamani kwa utani. Nilikuwa bado seminari ndogo, nikamsomea mwisho wa Ufunuo. Pale inaposemwa bahari haipo tena, akasikitika kwa ajili ya wavuvi wa Mafia. Nilipofika sura ya mwisho, penye mto wa maji ya uzima, akaketi. "Mto upo?" Nikamwambia upo. "Basi sisi wa Rufiji tumepona."

Aprili 2024 mto ulikuja. Mliona kwenye taarifa za habari, Rufiji na Kibiti, watu wamehifadhiwa kwenye makambi, mashamba yote chini ya maji. Wengine walilaumu bwawa la Nyerere, Serikali ikasema bwawa ndilo lililopunguza makali. Mimi si mhandisi na mpunga wa Babu haukungoja mjadala. Mama alinipigia simu. Babu yuko salama, yuko juu. Dungu limekwenda.

Nililia siku hiyo. Nusu mwaka nilikuwa sijamlilia Kaka sawasawa, nikaja kulilia fito na makuti kwenye korido ya seminari, watu wanapita na mabakuli ya uji. Kama huo ni upungufu wa imani sijui. Yesu alijua kabisa anakwenda kumfufua Lazaro, na bado alilia.

Julai nilishuka bondeni. Safari hii sikutafuta udhuru. Nguzo mbili zilikuwa zimebaki, moja imeinama, tope jipya limefunika kila kitu, jeusi, laini. Babu alikuwa ameshakata miti. Nikamwamkia, akaitikia bila kuacha kazi.

"Babu, utajenga tena?"

Akanitazama kama nimeuliza kama atakula tena. "Tope lote hili lililoletwa, nani atapanda mlao akalale Kibiti?"

Tulijenga siku nne. Mikono yangu ya vitabu ikatoka malengelenge. Nilitaka ngazi ikae palepale ilipokuwa, upande aliokuwa anakaa Kaka. Babu akakataa, mto umekula ukingo, tukasogea hatua kama thelathini ndani. Kwa hiyo si dungu lile. Niliona uchungu kidogo, kisha nikapandisha fito.

Usiku wa kwanza tukala ugali na kambale. Nikamuuliza Babu swali nililolibeba tangu msibani: Kaka alisema nini siku ile nilipoondoka? Babu alifikiri sana. Akasema hakusema kitu cha maana. Alikaa pale ukingoni mpaka mtumbwi ukapotea kwenye kona, halafu akasema, "Dogo amesahau ndala zake." Zilikaa kwenye ngazi mpaka mwisho wa mavuno, na Kaka hakutaka mtu azivae.

Babu akageukia ukutani na tasbihi yake. Mimi nikaanza Rozari, kwa sauti ya chini, matendo ya utukufu japokuwa haikuwa siku yake. Katikati ya fumbo la kwanza tukasikia nguruwe wanafukua mbegu upande wa mtoni. Kamba mpya ilikuwa imefungwa kwenye nguzo. Nikaifungua, nikaifunga kwenye dole gumba, nikapiga teke. Nilipiga vibaya, kamba ikajikunja, makopo mawili tu yakalia.

"Nyoosha mguu," Babu akasema gizani. "Yeye alikuwa ananyoosha."

Nikanyoosha.